"Inaruhusiwa tu": ya jabalini, ya mwaloni au ya kiwanjani?

Mbalamwezi ilikuwa imeanza kupungua na mitumbwi ya dagaa inajiandaa kurudi ziwani, mdogo wangu aliposhuka hapa Mwanza kwenye meli ya kutoka Nansio, Ukerewe, akiwa na shilingi milioni moja na laki nane ndani ya pindo la kanga. Ni mtoto wa mama mdogo, tumelelewa pamoja. "Shikamoo dada." Sijamaliza kuitikia marahaba, daftari limeshafunguliwa mezani.

Anataka kuanza biashara ya dagaa: kununua wabichi alfajiri, kuanika, kufungasha, kupeleka soko la samaki la Kirumba Mwaloni wanakofika wanunuzi wa mikoani na wa nchi za jirani. Mtaji anao, kazi anaijua tangu utotoni. Kinachomsumbua ni mahali pa kuanikia, na ameonyeshwa pa aina tatu.

Pa kwanza ni majabali kando ya maji, upande wa Ilemela, ambako akina mama wameanika miaka nenda miaka rudi bila kumlipa mtu. Pa pili ni chanja za kukodi, zinazolipiwa kila mwezi, kwenye mwalo wenye usimamizi, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki. Pa tatu ni nusu ya kiwanja cha mama mmoja mjane, juu mlimani, mbali kidogo na maji, ila kina uzio na kina hati.

Nilimuuliza, hao waliokuonyesha walisema nini kuhusu sheria? Akanisomea. Wote watatu walimwambia neno lile lile: "Inaruhusiwa tu."

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Kazi yangu ni kukaa na watu kabla mambo hayajafika mahakamani. Kama kuna neno linalowatia watu hasara kwenye mialo yetu, ni hilo. Si kwamba waliomwambia ni waongo. Kila mmoja alikuwa na ukweli wake, lakini zile zilikuwa ruhusa tatu tofauti, na mwenye mtaji mdogo hana budi kujua anasimama juu ya ipi.

Maneno tunayo, tunayachanganya

Ruhusa huombwa: mtoto humwomba mwalimu, na mwalimu anaweza kukataa. Ruksa ni ruhusa iliyotangazwa kwa wote. Rais Ali Hassan Mwinyi alipolegeza masharti ya biashara baada ya 1985 watu walimpa jina la Mzee Ruksa, lakini ruksa ile haikumpa mtu yeyote duka. Ilimwondolea kizuizi tu. Kibali huandikwa kwa jambo moja mahususi. Leseni ni kibali chenye muda, ada na masharti. Idhini hutoka kwa mwenye kitu. Haki haiombwi, hudaiwa.

Halafu kuna halali, neno ambalo tumelitwika dini na serikali kwa pamoja. Majirani zangu Waislamu hulitumia kwa uangalifu kuliko sisi wengine, kwa sababu wamefundishwa kwamba matendo yana ngazi tano: faradhi, sunna, mubaha, makuruhu na haramu. Mubaha ni lile ambalo ukilitenda huna thawabu na ukiliacha huna dhambi. Nililipenda neno hilo siku niliyofafanuliwa, kwa sababu mambo mengi tunayoyaita "yameruhusiwa na sheria" yako hapo hapo kwenye mubaha. Sheria haikuyabariki. Imeyapita bila kuyagusa.

Jabalini: sheria imenyamaza

Ruhusa ya jabalini ni ya namna hiyo. Hakuna karatasi inayosema akina mama wa mwalo fulani waanike dagaa juu ya mawe. Hakuna pia, kwa kuanika peke yake, karatasi niliyowahi kuonyeshwa inayowakataza. Wanaanika kwa sababu hawajakatazwa.

Msiidharau ruhusa hii. Ina mizizi mirefu. Ibara ya 13(6)(c) ya Katiba yetu ya 1977 inapiga marufuku mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho, wakati alipokitenda, hakikuwa kosa chini ya sheria. Wafaransa waliliandika jambo la jamii hiyo mwaka 1789 katika tamko lao la haki: lisilokatazwa na sheria haliwezi kuzuiwa, wala mtu hawezi kulazimishwa kutenda ambalo sheria haikuliamuru. Maana yake kwa mwananchi wa kawaida ni kwamba hahitaji barua ili aishi. Hupiki ugali kwa leseni. Anayekuzuia ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha katazo limeandikwa wapi.

Ila ina udhaifu mmoja mkubwa, na mdogo wangu aliuona mwenyewe alipokwenda kukagua. Alifika saa moja asubuhi akakuta jabali zuri, lile bapa linalopata jua mapema, limeshatandikwa. Mama mmoja wa makamo alikuwa anageuza dagaa zake kwa fagio.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa hapa tunaruhusiwa kuanika."

"Marahaba mwanangu. Mnaruhusiwa, ndiyo. Na mimi nimeruhusiwa kuamka saa kumi."

Jibu hilo lina elimu kubwa ndani yake. Mwaka 1913 mwalimu mmoja wa sheria wa Marekani, Wesley Hohfeld, alichoshwa na wanasheria wenzake kuita kila kitu "haki", akaanza kuzitenga. Kuna haki ya kweli, ambayo upande wake wa pili ni mtu mwenye wajibu kwako: ukinidai, lazima nikulipe. Na kuna uhuru mtupu, ambao upande wake wa pili hauna mtu. Una uhuru wa kuanika jabalini kwa maana kwamba hutendi kosa ukianika. Lakini hakuna aliye na wajibu wa kukuachia nafasi. Yule mama hajakuibia kitu kwa kuwahi. Kesho ukiwahi wewe, na yeye hana pa kwenda kulalamika. Ruhusa ya kimya ni ya wote, na cha wote hukilindi peke yako.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na kwa sheria ni hivyo hivyo. Kimya kinaweza kuvunjwa wakati wowote. Halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo kesho, ikapita taratibu zake, ikatangazwa, na kuanzia hapo jabali lile likawa na masharti. Hakuna atakayekulipa fidia ya kuzoea.

Sasa kuna jambo la mita 60, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndipo watu wanapotishana. Kando ya ziwa utasikia mawili. Mmoja anasema mita 60 kutoka majini ni marufuku hata kukanyaga. Mwingine anasema hizo ni habari za wenye hoteli, hazituhusu. Wote wawili hawajakisoma kifungu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu uhifadhi wa ufukwe wa bahari, ziwa, kingo za mto au bwawa. Soma tena: za kudumu, au zenye kuharibu.

Kutandika dagaa juu ya jiwe asubuhi na kuzikunja jioni ni vigumu kuita shughuli ya kudumu. Kuchimba nguzo, kumwaga zege, kupiga bati juu, ni kitu kingine. Kumwaga maji ya kuoshea samaki na mabaki ziwani ni kitu kingine pia. Kwa hiyo jabali lile lile, sehemu ile ile, lina ruhusa asubuhi na halina ruhusa siku unapojenga kibanda. Mdogo wangu alikuwa ameshanunua mbao nne za kibanda.

Nikamwambia habari ya mama. Mama yangu alikuwa na kibanda cha mbao karibu na maji kwa miaka tisa. Mkusanya ushuru alimjua kwa jina, alikuwa akipewa kiti. Viongozi walipita, wakanunua, wakaondoka. Kila mtu aliamini kibanda kimeruhusiwa kwa sababu hakuna aliyewahi kusema neno. Kikabomolewa asubuhi moja. Mama alikwenda kwenye ofisi husika na kopo la stakabadhi, stakabadhi za miaka yote. Aliambiwa kwa upole kabisa kwamba zile ni za ushuru wa mazao, si za mahali. Na ilikuwa kweli. Nilizipanga zote sakafuni usiku ule nikitafuta hata moja yenye neno "eneo". Haikuwepo.

Hicho alichokuwa nacho mama hakikuwa hata kimya cha sheria. Kilikuwa kufumbiwa macho. Naomba mtofautishe hivi viwili kwa sababu vinafanana sana kwa nje. Katika kimya, sheria haijasema. Katika kufumbiwa macho, sheria imesema, ila mwenye kuisimamia hajaja, au amekuja akapita. Miaka tisa ya kupita haigeuki kibali. Ahadi ya ofisa, hata ya mwenyekiti mwenye nia njema, haiwezi kuruhusu kilichokatazwa na sheria ya Bunge, kwa sababu hakupewa uwezo huo.

Mwaloni: ruhusa yenye karatasi

Chanja za kukodi ziko kwenye mwalo ulioandikishwa. Kuna choo, kuna mzani, kuna viongozi wa BMU, kile kikundi cha wananchi kinachosaidia kusimamia rasilimali za uvuvi. Dagaa huanikwa juu ya chanja, si mchangani, na bei yake sokoni ni tofauti kwa sababu hazina kokoto.

Ruhusa ya hapa ni ya leseni. Sheria ya Leseni za Biashara, Na. 25 ya 1972, ndiyo imelala chini ya leseni za halmashauri mpaka leo, na Sheria ya Uvuvi, Na. 22 ya 2003, pamoja na kanuni zake, imeweka leseni zake kwa wavuvi na wafanyabiashara wa samaki. Angalieni mantiki ilivyogeuka. Jabalini tulianza na "huru mpaka ukatazwe". Hapa tunaanza na "marufuku mpaka upewe". Leseni haikuongezei uhuru ambao hukuwa nao duniani. Inakutobolea tundu kwenye ukuta ambao sheria yenyewe ilishaujenga. Ndiyo maana tundu lina umbo. Leseni ina jina lako, aina ya biashara, mahali, na tarehe ya mwisho. Ukihama, ukibadili biashara, au mwaka ukiisha, uko nje ya tundu, hata kama karatasi bado imening'inia ukutani.

Kwa nini basi nimpeleke mtu huko? Kwa sababu leseni inakupa kitu ambacho jabali halina: mtu wa kumwajibisha. Kuna ofisi iliyopokea ada yako na kuandika jina lako. Ikitaka kuiondoa ruhusa hiyo kabla ya muda, ni lazima iwe na sababu inayotajwa na sheria na ifuate njia iliyowekwa, nawe una haki ya kusikilizwa. Anayetaka chanja yako kwa sababu ameamka saa kumi hana hoja, maana mkataba wa kukodi unamfunga mwenye mwalo akulindie nafasi.

Leseni pia inaheshimika nje ya mwalo. Mzigo unapotoka Mwanza kwenda mbali, maswali huanza njiani, na huko hakuna anayemjua mwenyekiti wako.

Nisiipambe kupita kiasi. Leseni husimamishwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na wavuvi waliokuwa na leseni halali walitia nanga kama wasio nayo. Leseni haikuwa imefutwa. Ilikuwa haina pa kutumika. Aliyekopa kwa hesabu ya miezi 12 alijikuta ana miezi 9.

Leseni pia haitakasi bidhaa. Mtu anaweza kuwa na leseni safi kabisa ya biashara ya samaki akakamatwa na sangara wachanga chini ya sentimeta 50, au na samaki waliovuliwa kwa kokoro au sumu, na leseni isimsaidie kitu. Mwaka 2018, wakati wa operesheni za kupambana na uvuvi haramu Kanda ya Ziwa, nyavu nyingi zilichomwa moto, na wapo waliolia kwamba walizinunua dukani, mchana, na risiti wanayo. Inauma, nami siwacheki. Lakini kuuziwa kitu dukani si sheria kukiruhusu.

Kuna ruhusa nyingine inayofanana na leseni ambayo lazima niitaje kwa sababu mdogo wangu aliniuliza. Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kila kimoja, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Vilikuwa faraja kubwa; mama alikuwa nacho, alikivaa shingoni mpaka kanisani. Aliyekuwa nacho aliacha kukimbizana na mgambo. Lakini mwaka 2021, serikali ilipoamua kuwapanga upya machinga mijini, kitambulisho hakikumfanya mtu awe na haki ya kubaki kwenye kipande cha barabara alichokizoea. Kilimtambua mtu, hakikumpa mahali. Na ruhusa inayotegemea agizo la kiongozi hubadilika agizo linapobadilika, haraka kuliko ile iliyoandikwa kwenye sheria yenyewe.

Jambo la mwisho la leseni ni dogo lakini lina uzito. Ukisoma sheria inayotoa leseni, tafuta kama imeandikwa kwamba ofisa "anaweza" kutoa au "atatoa". Sheria yetu ya Tafsiri za Sheria inatofautisha hayo mawili: neno la kwanza linampa ofisa hiari, la pili linamlazimisha. Mahali penye "atatoa", ukitimiza masharti, kunyimwa leseni ni kosa lao. Mahali penye "anaweza", unaomba kwa haki kabisa na bado unaweza kunyimwa kwa sababu za maana. Usikope kabla ya jibu, kwa vyovyote vile.

Kiwanjani: haki, lakini ya nini?

Mdogo wangu alikipenda kiwanja kuliko vyote. Hati! Kwa mtu aliyekua akiona vibanda vinavunjwa, hati ni usingizi mnono. Na kwa kulinganisha nani anaweza kukuondoa, kweli kiwanja kinashinda kwa mbali. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda haki ya mtu kumiliki mali na inakataza kunyang'anywa bila idhini ya sheria inayoweka fidia inayostahili. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, lakini haki ya kuimiliki kwa miaka 33, 66 au 99 ni haki halisi. Jirani akianika dagaa zake kwenye kiwanja hicho bila idhini, ni mvamizi. Hapa Hohfeld angeridhika: dunia nzima ina wajibu wa kukaa nje ya uzio.

Basi nikamwomba tukaione hiyo hati. Tulipanda mlima kwa miguu, katikati ya nyumba zilizobebana juu ya mawe, ziwa likionekana chini lote. Yule mama alitupokea vizuri sana, akatuwekea uji. Hati akaitoa kabatini imefungwa kwenye nailoni.

Mambo mawili yalinizuia.

La kwanza, jina lililoandikwa lilikuwa la marehemu mume wake. Nikamuuliza, mama, mirathi ilishafunguliwa? Akasema hapana, watoto ni wake, nyumba ni yake, kwa nini afungue. Ninamwelewa. Lakini mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, hakuna anayeweza kumpangisha mdogo wangu nusu ya kiwanja hicho kwa usalama. Siku shemeji mmoja atakapotokea, mkataba utakuwa umetiwa saini na mtu ambaye karatasi haimtambui. Haki ilikuwepo, ila haikuwa mikononi mwa aliyekuwa anaigawa.

La pili ndilo lililonifanya niandike haya. Kwenye hati, sehemu ya matumizi, imeandikwa makazi. Hati ile inamlinda mwenye kiwanja dhidi ya mvamizi, lakini haisemi kwamba kiwanja ni mahali pa kuanikia magunia ya dagaa kibiashara. Kubadili matumizi ya ardhi kuna taratibu zake, na mpaka zikamilike, majirani wanaopokea harufu na nzi wana neno la kusema. Kwa hiyo mahali penye ruhusa nzito kuliko zote ya kukaa ndipo penye ruhusa nyepesi kuliko zote ya kufanya kazi yenyewe.

Hilo lilinirudisha nyuma. Nilikuwa nimezipanga ruhusa hizi kama ngazi: kufumbiwa macho chini, kimya juu yake, halafu leseni, halafu haki. Nimewafundisha watu hivyo. Si ngazi. Jabali lina ruhusa ya kazi bila ruhusa ya mahali. Kiwanja kina ruhusa ya mahali bila ruhusa ya kazi. Chanja za mwaloni, pamoja na ada zake zote, ndipo peke yake ambapo mahali, kazi na mtu vyote vitatu vimeandikwa kwenye karatasi zinazopatana.

Na ibara ya 22 inayosema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi? Ipo, naipenda, huwa naisoma kwa sauti kwenye semina. Lakini soma na ibara ya 30, inayosema haki hizi zinatumika bila kuvunja haki za wengine na maslahi ya umma. Haki ya kufanya kazi ni ngao ukizuiwa kwa uonevu. Haikupi kiwanja wala chanja.

Nilimshauri hivi

Kama ungekuwa unajaribu tu, nilimwambia, una laki mbili na hujui kama wanunuzi watakupenda, nenda jabalini bila hofu. Anika, kunja, ondoka, usichimbe nguzo, usimwage uchafu majini, na jioni chukua kila kilicho chako. Uhuru wa pale ni wa kweli. Weka pale tu kiasi ambacho kikipotea utalia siku moja, si mwaka.

Kwa milioni moja na laki nane, ambazo nusu yake ni ya kikoba cha akina mama wa Ukerewe, nenda mwaloni. Lipa chanja mbili, si nne. Omba leseni kabla ya kununua gunia la kwanza, na malipo yapite kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, yasiingie mfukoni mwa mtu. Acha akiba ya miezi mitatu isiyokuwa na kazi.

Kiwanjani usiende sasa. Ila msaidie yule mama kufungua mirathi katika Mahakama ya Mwanzo. Hata kama hutapanga kwake, amekukirimu.

Na popote utakapokuwa, mtu akikuambia "inaruhusiwa" au "hairuhusiwi", muulize kwa heshima mambo haya: nani ameruhusu, ameruhusu nini hasa, wapi, mpaka lini, na imeandikwa wapi. Asiyevaa sare umuulize, na mwenye sare umuulize vile vile. Maana kwa wenye sare kanuni imegeuka. Wewe mwananchi unaruhusiwa kila kisichokatazwa; ofisi inaruhusiwa kile tu ilichopewa na sheria. Mahakama ya Uingereza iliamua hivyo tangu 1765, katika kesi ya bwana mmoja aitwaye Entick ambaye nyumba yake ilipekuliwa na maofisa wenye hati ya waziri: majaji walitafuta sheria iliyompa waziri uwezo huo, hawakuiona, na maofisa wakahesabiwa wavamizi. Kukosekana kwa katazo hakukuwasaidia. Kwa hiyo ofisa akija kuondoa chanja yako, "sijakatazwa" halimtoshi. Anatakiwa ataje kifungu.

Mdogo wangu akaniuliza kama si utovu wa adabu kumuuliza mkubwa kifungu. Si utovu. Tangu 2021 sheria yenyewe imetamka kwamba lugha ya sheria zetu na ya mahakama ni Kiswahili, ingawa nyingi za zamani bado tunazisoma kwa Kiingereza. Tumepewa lugha yetu ili tuulize kwayo. Anza na shikamoo, halafu uliza. Kumbuka pia kwamba kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kutoijua sheria si utetezi. Kama hatutasamehewa kwa kutokujua, basi kuuliza ni halali yetu kabisa.

Alianza mwaloni giza lililofuata, zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa. Wiki ya kwanza alipoteza ndoo tatu kwa mvua iliyompata hajaziba turubai, kosa la kila anayeanza. Wiki ya pili mkusanyaji mmoja alimwomba malipo ya "usafi wa eneo" mkononi. Akamwamkia, akaomba kuona ilipoandikwa, yule bwana akasema atarudi. Hajarudi bado. Jumamosi tulimsindikiza mama wa mlimani kuchukua fomu za mirathi. Na zile mbao nne zilizonunuliwa kwa ajili ya kibanda cha jabalini, mwenye mwalo alikubali kwa maandishi zitumike kuinua chanja ya pili, ambayo ilikuwa imelala upande mmoja.